Majina ya Raskazone

Tanga, mwezi wa Novemba

Somo yangu mpenzi,

Salaam nyingi sana. Sisi huku hatujambo, ila mvua za vuli zimetushika na nguo hazikauki. Mama yako mkubwa anaendeleaje na miguu? Nipe habari zake, maana barua hii kwa kiasi kikubwa ni yake yeye.

Unayakumbuka makaburi ya vita kule upande wa Raskazone? Tulikuwa tukipita pale tukitoka kuoga baharini, na ole wake atakayenyooshea kaburi kidole! Ilibidi ukiume haraka kisije kikaoza. Basi juzi nimeingia ndani na mjukuu wangu, yule wa kidato cha pili, amepewa kazi ya historia. Tulimkuta mzee mmoja amechuchumaa, anasugua jiwe kwa brashi na maji matupu. Sabuni hatumii, anasema inakula maandishi. Akimaliza mstari, anaupitishia kidole polepole, herufi kwa herufi, kama mtu anayesoma gizani. Nilisimama nikamtazama mpaka mjukuu akanivuta kanga.

Nikamsimulia niliyoyajua. Kwamba mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, tarehe 2 Novemba, meli za Waingereza zilitokea hapa na askari kama 8,000, wengi wao Wahindi, wakashushwa Raskazone. Mjerumani, mtawala wa hapa wakati ule, chini ya kamanda wake von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu kama 1,000 tu, na wengi wa hao walikuwa askari weusi, watu wa bara letu. Vita vikaingia mpaka mitaani. Nyuki nao wakatibuliwa mizingani, wakawavamia watu bila kuchagua. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wamesharudi melini, wameacha nyuma bombomu 16, zile bunduki za rashasha, na risasi 600,000. Habari ya nyuki ndiyo iliyomfurahisha mtoto, na wengi hapa mjini ukiwauliza juu ya vita vile watakutajia nyuki kwanza.

Halafu akaniuliza: "Bibi, na babu yetu yule mpagazi, jina lake liko wapi?"

Somo, nilikosa la kumjibu. Unajua kwetu baba yake babu alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi Waingereza walipoikamata Tanga mwaka 1916, akaondoka asubuhi na hakurudi. Hana kaburi. Tulizunguka jiwe kwa jiwe, mtoto anasoma kwa sauti, na jina la mpagazi hatukuliona. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kufika karibu laki moja, zaidi kwa kuhara, malaria, njaa na kuchoka kuliko kwa risasi. Dar es Salaam wametajwa kwenye sanamu ya Askari, ile ya mwaka 1927, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Wametajwa wote kwa pamoja tu. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi haya ilikiri yenyewe kwamba Waafrika wengi mno hawakuandikwa majina, ikaomba radhi.

Usinielewe vibaya. Mimi nataka makaburi yale yalindwe, ukuta usiguswe, na kiwanja kisimegwe hata hatua moja. Wale vijana wa Kihindi waliletwa kufia mji wasioujua, nao wana mama zao. Lakini mji ukikumbuka kwa mawe tu, utawakumbuka waliopewa mawe. Wetu wamebaki midomoni mwa wazee, na wazee wanatuondokea.

Kwa hiyo nimenunua daftari kubwa, la jalada gumu. Ukurasa wa kwanza nimemwandika baba yake babu: jina lake, la baba yake, kijiji alichochukuliwa, na mkeka aliouacha umekunjwa mlangoni, maana bibi hakuacha kuutaja mkeka ule. Jirani yangu wa Chumbageni ameniletea majina mawili. Mzee wa brashi naye kanipa la kwao, kalitamka mara tatu ili nisikosee.

Sasa nakuomba, kabla ya Ijumaa kaa na mama mkubwa. Mjomba wake aliyepelekwa na jeshi kusini alikuwa anaitwa nani hasa? Sisi tulizoea kumsikia kwa jina la utani tu. Nataka la kwake na la baba yake. Mwache aseme taratibu, usimkatishe, kisha uniandikie vilevile alivyotamka. Nimemwachia ukurasa wa pili.

Wasalimie wote.

Ni mimi somo yako