Barua ya wazi kwa viongozi wa jumuiya: nani hayumo kwenye orodha?

Tumsifu Yesu Kristo.

Wanangu wenyeviti wa jumuiya, makatibu, watunza hazina, nanyi vijana mnaobeba mizigo bila cheo chochote: baba paroko amenipa ruhusa niwaandikie waziwazi, nami nitaitumia.

Hali ni ngumu, hilo halihitaji mhubiri. Kazi zimekatika, wagonjwa wamezidi, na ubishi wa siasa umeingia hadi kwenye mabenchi ya kanisa. Watu waliokuwa wakipeana amani kwa mikono miwili sasa wanagusana kwa ncha za vidole. Mimi leo nataka tuzungumzie orodha tu.

Ile orodha ya wanaosaidiwa nimeisoma. Majina mengi ni ya watu wetu: wanakwaya, jamaa za viongozi, wanaokaa karibu na kanisa. Sisemi kuna aliyependelea kwa makusudi. Ukiulizwa ghafla nani ana shida, unamtaja uliyeonana naye juzi, basi.

Kanisa la kwanza lilikwama papo hapo. Someni Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia wanyamaze kwa ajili ya umoja. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakabidhiwe jambo hilo. Sasa yatazameni majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni ya Kiyunani! Kwa jinsi ninavyoielewa mimi, upande uliolalamika ndio uliokabidhiwa meza. Kwetu anayelalamika anaitwa mchochezi, na kikao kijacho hapewi taarifa.

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni hili: kamati ya huduma iongezwe watu wa upande tusiopatana nao. Mnawajua, sina haja ya kuwataja. Wapewe daftari na kalamu, si kiti cha kusikilizia. Wao ndio wanaojua ni mlango gani hatujawahi kuubisha.

Wapo watakaosema kwamba moyo ukiwapo, utaratibu utakuja wenyewe. Haujileti. Mwaka 1617, huko Châtillon nchini Ufaransa, padre Vinsenti wa Paulo aliambiwa kabla ya misa kwamba kuna familia ambayo wote wameugua, hakuna wa kumuuguza mwenzake. Akaisemea mahubirini. Baadaye siku hiyo watu wakajaa njiani wakienda na kurudi, vyakula mikononi, vingi kuliko wagonjwa wale wangeweza kuvimaliza. Wengine wangefurahi na kuandika taarifa ya mafanikio. Yeye aliona kwamba vingine vitaharibika, na baada ya siku chache watu wale watarudia hali yao ya kwanza. Akawakusanya wanawake wa pale, wakaanza kupokezana, kila mmoja na siku yake.

Nasi tuna tabia hiyo hiyo. Wiki ya msiba nyumba haina pa kukanyaga. Mwezi wa pili mjane anafungua mlango mwenyewe na hakuna aliyebisha hodi. Gaweni zamu. Andikeni ni nani anakwenda Jumanne, nani Alhamisi, na akishindwa nani anamshikia nafasi.

Juu ya fedha sitasema mengi. Mchango uliokusanywa kwa ajili ya waamini wa Yerusalemu, mtume Paulo hakuushika peke yake. Tito alikwenda pamoja na ndugu wengine wawili, ili pasiwe na wa kulaumu (2 Wakorintho 8). Ikiwa mtume alijilinda hivyo, mtunza hazina wetu asinune akiombwa hesabu.

Lakini aibu tunazowapa watu, hizo zinaniuma. Kumwita mtu mbele ya altare apokee mfuko huku simu zimeinuliwa, je, mama yako ungemfanyia hivyo? Peleka nyumbani, jioni, ukae kidogo, uondoke. Na haya matangazo ya michango, jina na kiasi, yasimame kwa sasa. Yupo mzee mwenzangu ambaye miaka yote alikaa benchi la mbele. Tangu mwanawe aachishwe kazi, anasimama nje karibu na mlango, na kikapu cha sadaka kikianza kuzunguka anasogea ukutani asionekane. Hatujamfukuza, lakini karibu tutampoteza.

Kikao ni Jumamosi, baada ya misa ya asubuhi. Kila jumuiya ije na majina mapya, yakiwemo ya jirani wasiosali nasi. Njaa haiulizi cheti cha ubatizo. Na wale ndugu wanaonung'unika nje ya lango kila baada ya misa, mwenyekiti usihangaike kuwaandikia barua. Nitawafuata mimi mwenyewe kuwaalika, maana bado wananisikiliza kidogo.

Ni mimi mzee wenu katika halmashauri ya parokia.