Barua za baba nilizisoma nilivyotaka mimi

Shangazi, shikamoo.

Mwaka 1978, Idi Amin alipovamia Kagera, nilikuwa darasa la nne kijijini kwetu Urambo. Baba alikuwa mgambo. Alichukuliwa na wenzake, lori likaondoka usiku. Kwetu sisi tuliobaki vita ilikuwa redio ya mwenyekiti wa kijiji, ng'ombe waliochangwa, na sabuni iliyoadimika hata tukafua kwa majani ya mpapai.

Baba aliandika barua nne, zikaja kwa sanduku la posta la shule. Mama hakujua kusoma (kisomo cha watu wazima alikihudhuria, akaishia kuandika jina lake), hivyo nilizisoma mimi. Zilikuwa kavu kama risiti: mimi mzima, uza yule beberu, lipa deni la fulani. Mama hakutajwa hata kwa salamu. Nilimwona anavyosubiri, mkono shavuni. Nikaongeza. Mara ya kwanza salamu tu. Barua ya tatu ilifika baada ya redio kutangaza kuwa Kampala imeanguka, Aprili 1979. Hiyo nikaisoma kwamba akirudi atamjengea nyumba ya bati.

Aliporudi, mama akamkumbusha bati mbele ya wageni. Baba alinitazama mimi, si yeye. Kisha akasema, "Ndiyo, niliandika." Mabati yenyewe hayakupatikana, tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18, ikawa miaka. Aliezeka 1987. Hadi anafariki hatukuwahi kulizungumza.

Sasa mtoto wa kaka yangu amezikuta barua hizo kwenye sanduku la mama, na ameahidi kumsomea bibi yake zote Krismasi hii, ukoo mzima ukiwepo. Mama amepita miaka 80 na anahesabu siku. Barua anazijua kwa kichwa, yaani zile za kwangu, na najua atakaa akisubiri maneno ya bati. Kaka nimemweleza, anasema ukweli haujawahi kuua mtu. Kwake rahisi, wakati ule alikuwa mgongoni.

Shangazi, nimkalishe mama nimwambie kabla ya siku hiyo, au nimwombe kijana asome kama nilivyosoma mimi? Na nikimwambia, nianzie kwangu au kwa baba aliyekubali?

Binti wa Mgambo,
Tabora