Tusiitazame miiba ya korona peke yake

Mhariri,

Hapa Malindi, kila inapotajwa aina mpya ya virusi vya korona, barazani huulizwa tu iwapo chanjo bado inafaa, na nasikitika kwamba kinga ya mwili tunayozaliwa nayo haizungumzwi. Seli iliyovamiwa hutoa interferoni, protini zilizogunduliwa London mwaka 1957, ambazo huzitahadharisha seli jirani zijiandae kabla virusi havijazifikia. Aina ya Alfa, iliyotambuliwa Uingereza mwaka 2020, haikubadilika tu miiba ya nje, ambayo virusi huitumia kuingia kwenye seli: ilizidisha pia protini iitwayo Orf9b, ambayo hushikamana na protini nyingine kwenye mitokondria, yaani sehemu ndogo za seli zinazozalisha nishati, na kuififisha tahadhari hiyo. Naomba gazeti lako liwape wataalamu wetu nafasi ya kulifafanua jambo hili kwa Kiswahili.

Msomaji wako,
Malindi