Kwa walimu wapya wa Historia: hao watu walikwenda wapi?

Wanangu,

Nimestaafu, lakini kuna deni la darasani linalonikaba mpaka leo. Mwaka hadi mwaka niliandika ubaoni kwamba wenye ardhi wa Uingereza walizungushia ua mashamba na malisho ya pamoja ili wafuge kondoo, wakulima wakaondolewa, viwanda vikapata vibarua. Mistari mitatu, basi. Binti mmoja wa kidato cha tano akaniuliza: "Mwalimu, kabla ya viwanda kuja, hao watu walikwenda wapi?" Nikamjibu kwamba hilo haliulizwi kwenye mtihani. Msiseme hivyo kamwe.

Wengi walikwenda barabarani. Msiwatwishe kondoo lawama yote, maana karne ya 16 watu waliongezeka sana, bei ya chakula ikaupita ujira, na kuanzia 1536 mfalme Henry VIII alifunga nyumba za watawa zilizokuwa zikiwapa maskini sadaka. Lakini sheria haikuuliza hayo. Ile ya 1531 iliwapa vikongwe na wagonjwa kibali cha kuombaomba. Mwenye nguvu asiye na kazi alifungwa nyuma ya mkokoteni, akachapwa mpaka atoke damu, kisha akaamriwa arudi kwao. Kwao wapi, na shamba limeshazungushiwa ua? Ya 1547 ikazidi: mzururaji apigwe chapa ya V kwa chuma cha moto, awe mtumwa miaka miwili. Ukatili huo haukutekelezeka, wakaifuta kabla ya miaka mitatu.

Kwa Robert Kett, nawaomba, msipite mbio. Alikuwa na mali huko Norfolk, naye alikuwa amezungushia ua ardhi yake. Julai 1549 watu walipokuja kuubomoa, aliwasikiliza, akaungana nao kuung'oa, akawa kiongozi wao. Maelfu walipiga kambi Mousehold Heath, juu ya mji wa Norwich, wakaandika madai 29. Waliomba mabwana wakatazwe kulisha mifugo yao kwenye malisho ya watu wote, na wanaomilikiwa kama mali waachwe huru. Hao ndio waliokuwa wakiitwa wavivu! Jeshi la mfalme liliwashinda mwezi Agosti. Desemba Kett akanyongwa kwenye ngome ya Norwich.

Sheria ya 1601 naipa heshima yake. Kila parokia ilitoza kodi na kuwekewa waangalizi wa maskini: wazee na walemavu wapewe msaada, watoto wapelekwe kujifunza kazi, wenye nguvu wapewe sufu au katani wasokote. Ilikubali kwamba njaa ya jirani ni wajibu wa wote kisheria. Ilidumu hadi 1834, na wengi iliwaokoa. Ila ardhi haikuirudisha.

Tena kodi ilizaa uchoyo. Kwa sheria ya 1662 mgeni aliyepanga nyumba ya chini ya pauni 10 kwa mwaka aliweza kufukuzwa ndani ya siku 40, akidhaniwa atakuja kuwa mzigo. Wanawake wajawazito wasio na waume walisukumwa kuvuka mpaka wa parokia ili mtoto asizaliwe upande huu na kulishwa na kodi ya parokia hiyo.

Hapo ndipo walipokwenda, mwanangu uliyeuliza. Ninyi walimu, mwanafunzi wenu akiuliza, achaneni na mtihani kipindi hicho kizima, mumjibu.

Mzee wenu