Yaya, usitupe kwanza kidonge cha kolesteroli

Yaya wangu,

Unasema tangu uanze simvastatini, kidonge chako cha kolesteroli, majina ya watu yanakuponyoka, na ufunguo unautafuta nao uko mkononi. Siwezi kukuambia ni uzee tu. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza karatasi za maelezo za statini (jamii ya dawa za kolesteroli ambamo simvastatini imo) zitaje usahaulifu na kuchanganyikiwa: mara nyingi si jambo kubwa, na huondoka dawa ikiachwa. Lakini huko Uskoti, Ayalandi na Uholanzi, wazee 5,804 wa miaka 70 hadi 82 walipewa pravastatini, statini nyingine, au kidonge kisicho na dawa kwa miaka 3 hivi, na kumbukumbu za makundi yote mawili zikapungua sawasawa. Kwa hiyo kuna mengine ya kuchunguza kabla ya kukilaumu kidonge.

Andika kwenye daftari tarehe uliyoanza dawa, tarehe ulipoona mabadiliko, na miligramu zilizo kwenye boksi. Kisha panga mezani kila dawa unayomeza, hata ile uliyonunua sokoni Kadutu bila karatasi ya daktari. Hapo ndipo mengi huharibikia. Klarithromisini na erithromisini (antibiotiki), ketokonazoli (ya fangasi) na ritonaviri (ya virusi vya UKIMWI) huzuia ini kuivunja simvastatini, nayo inajaa damuni na inaweza kuharibu misuli. Ukiona mkojo una rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama unameza amlodipini ya presha, simvastatini isizidi miligramu 20 kwa siku.

Labo wakupime TSH pia, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya tezi ya shingo. Tezi hiyo ikilegea, kolesteroli hupanda na kichwa kinakuwa kizito kwa wakati mmoja. Nasi tuko jirani na Idjwi, kisiwa kinachojulikana kwa rovu, uvimbe wa tezi hiyo. Tezi ikitibiwa, kolesteroli huweza kushuka yenyewe. Metformini, dawa ya kisukari uliyomeza miaka yote hii nayo hupunguza vitamini B12, na upungufu wake huleta usahaulifu. Ipimwe.

Vipimo vikiwa sawa, daktari ndiye wa kuamua kama utapumzika simvastatini wiki 3 au 4. Kichwa kikifunguka, anaweza kukupa pravastatini au rosuvastatini, ambazo haziingii ubongoni kwa urahisi. Usiache mwenyewe, wewe uliyekwisha kupata kiharusi. Nakuomba sana.

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakigoma kutoka, usingoje tarehe ya daktari. Wakupeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.