Barua kwa mwanangu: vidole vitatu vya Earl Scruggs

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, ambako sote tu wazima. Nimesikia kwamba wewe na mdogo wako hampigi tena muziki pamoja, kwa kuwa kila mmoja anamshutumu mwenzake kwamba anakimbiza mdundo. Banjo unayoipiga aliiacha marehemu baba yako, aliyekuwa akishinda akisikiliza santuri za Earl Scruggs, mpiga banjo wa Marekani, na kwa sababu hiyo nimeona nikuandikie habari za mtu huyo.

Alizaliwa tarehe 6 Januari 1924 Flint Hill, katika jimbo la North Carolina, Marekani, kwenye familia ya wakulima. Baba yake, ambaye naye alipiga banjo, alifariki Earl akiwa na miaka minne tu. Alipofikia umri wa miaka kumi hivi, aligombana na kaka yake Horace, akajitenga chumbani na banjo. Humo, akiurudia wimbo aliouzoea huku mawazo yake yakiwa mbali, alishtuka kuona kwamba gumba, kidole cha shahada na cha kati vinazichokonoa nyuzi kwa zamu, bila yeye kuviamuru. Upigaji wa vidole vitatu ulikwishakuwapo katika eneo lile, na yeye hakudai kuubuni, lakini hakuna aliyekuwa ameufanya utiririke namna ile.

Usikilize kwa makini, mwanangu. Nota nane anazigawa tatu, tatu, kisha mbili, hivyo mkazo unahama na kuuruka mdundo wa gitaa, halafu unarudi mahali pake kwa wakati barabara. Mimi husikia humo mguso wa Afrika, na sidhani kama najidanganya, kwa maana banjo yenyewe ilitokana na ala za kibuyu kilichowambwa ngozi, ambazo Waafrika waliouzwa utumwani walizitengeneza upya ng'ambo ya bahari.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Earl alifanya kazi katika kiwanda cha nyuzi mjini Shelby. Desemba 1945, akiwa na miaka 21, alijiunga na bendi ya mwanamuziki Bill Monroe huko Nashville, na wengi husema bluegrass, muziki wa kienyeji wa Marekani unaopigwa kwa ala za nyuzi, ulipata umbo lake kamili hapo. Mwaka 1948 aliondoka, na pamoja na mpiga gitaa Lester Flatt akaunda bendi iliyodumu hadi 1969. Mwaka 1949 walirekodi “Foggy Mountain Breakdown”, muziki usio na maneno, ambao filamu ya mwaka 1967 iliufikisha kwa watu ambao hawakuwahi kusikiliza bluegrass.

Mkewe Louise nisimpite. Ndiye aliyesimamia mikataba na safari za bendi wakati ambapo kazi hiyo ilishikwa na wanaume karibu wote, na naamini bila yeye jina la Earl lisingefika mbali hivyo. Wana wao walipokua na kupenda muziki wa vijana wenzao, Earl hakuwakemea. Alipoachana na Flatt aliunda bendi pamoja nao, na Novemba 1969 alipiga muziki mjini Washington katika mkutano wa kupinga vita vya Vietnam, jambo ambalo wanamuziki wachache sana wa fani yake walithubutu kulifanya. Alifariki Nashville tarehe 28 Machi 2012.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni jambo la utotoni mwake. Yeye na Horace, yule yule waliyegombana, walikuwa wakianza wimbo pamoja mbele ya nyumba, kisha mmoja anazunguka kwa kulia na mwingine kwa kushoto, kila mmoja akiendelea kupiga hata asipomsikia mwenzake vizuri, na wanapokutana upande wa pili wanasikiliza kama bado wako kwenye pigo moja. Hapakuwa na haja ya kubishana nani amekimbiza, kwa sababu waliposogeleana walisikia wote wawili kwa masikio yao.

Mtakapokuja likizo ya Desemba, njoo na banjo na mdogo wako aje na gitaa lake. Nimekwisha kumwomba mjomba wenu aondoe kuni zilizoziba njia nyuma ya jiko, ili nyumba izungukike. Nitaweka kiti changu huko nyuma, chini ya mwembe, mahali mtakapokutana.

Mama yako akupendaye.