Risala ya kikundi cha wanafunzi wa historia kwa mgeni rasmi, maonyesho kuhusu mji wa Duolun, yanayofanyika Beijing

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mlezi wa kikundi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ili kusimama nasi mbele ya ramani hii ya karatasi za manila, ambayo pembe yake ya kushoto tumeibandika upya asubuhi ya leo.

Mheshimiwa, historia tutaipitia kwa haraka. Duolun, mji uliopo Mongolia ya Ndani, kaskazini mwa China, umepata jina lake kutokana na maneno ya Kimongolia yenye maana ya maziwa saba. Mwaka 1691 Mfalme Kangxi alikutana hapo na watawala wa Wamongolia wa Khalkha, wakakubali kuwa chini ya himaya ya Qing, iliyotawala China wakati huo. Baadaye likajengwa hekalu kubwa la Kibudha, na kando yake yakaota maduka ya Wachina, wengi wao wenyeji wa mkoa wa Shanxi, waliouza chai na vitambaa na kununua farasi na ngozi. Kufikia mwaka 1745 watu wa Shanxi walikwishajenga ukumbi wao wenyewe.

Utawala wa mji ndio uliotunasa. Mwaka 1732 serikali ilianzisha hapo ofisi ya kiraia, mojawapo ya tatu zilizosimamia eneo la nje ya Ukuta Mkuu, nyingine zikiwa Zhangjiakou na Dushikou. Afisa wake aliwasimamia Wachina, ilhali Wamongolia walibaki chini ya wakuu wa vitengo vyao vilivyoitwa bendera. Hivyo soko lilikuwa moja na serikali mbili. Mfanyabiashara aliyetaka kwenda kuuza bidhaa huko nyikani alipaswa kuwa na kibali cha Lifanyuan, ofisi iliyoshughulikia mambo ya Wamongolia.

Kuhusu mafanikio, kikundi kimepiga hatua kubwa mno: wanachama wameongezeka kutoka 4 hadi 11, na tumetafsiri kwa Kiswahili kurasa 9 nzima za kitabu cha kumbukumbu za ofisi hizo tatu, kilichokusanywa mwaka 1758.

Mheshimiwa, kurasa hizo 9 zimetuchukua miaka miwili, na hapo ndipo ilipo shida yetu. Kitabu kimeandikwa kwa Kichina cha kale, kisicho na nukta wala mkato, nasi tulichojifunza darasani ni Kichina cha leo. Mwezi uliopita wenzetu wawili walisoma mstari mmoja kuhusu kodi: mmoja akasema wafanyabiashara walitozwa, mwingine akasema walisamehewa, na mpaka leo hatujui nani kati yao ameukata mstari mahali pake. Zaidi ya hayo, sote 11 tunatumia nakala moja ya fotokopi, na kurasa zake mbili zimegandana kwa supu ya tambi.

Tunahitaji mwalimu wa Kichina cha kale, saa 2 kwa wiki, kwa muhula mmoja tu. Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi mwalimu kabla ya mwezi kwisha, na maneno yake yamo katika muhtasari wa kikao, ukurasa wa 3. Mgeni rasmi wa mwaka jana, kwa ukarimu uleule, aliahidi kuifuatilia ahadi ya mwenzake. Hatuna shaka kwamba wote wawili bado wanafuatilia, na makofi tuliyowapigia hatuyadai.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunakuomba, Mheshimiwa, kama mwalimu hawezi kupatikana leo, basi ututajie tarehe na mtu wa kumwendea. Katika kitabu cha wageni tumeacha mstari mmoja mtupu, chini ya sahihi ya mwaka jana, ili uiandike tarehe hiyo kwa mkono wako.

Tunaomba kuwasilisha.